Kioo cha fundi saa

Mjomba alivua kofia mlangoni, ila hakuiweka chini. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, akaja mpaka niliposimama, akaiinamisha nione. Ndani mlikuwa na nyuki. Wengi walishakufa, miili imejikunja. Wachache walikuwa bado wanajizungusha chali, ulimi umetoka nje.

"Mjomba," akasema. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mmoja kwa mwingine. "Hawa nimewazoa mlangoni pa mzinga. Asubuhi ulikuwa unapuliza nini?"

Nilikuwa napuliza michungwa ya mama.

Shamba la mama liko upande wa Igombe, nje kidogo ya mji wa Tabora. Kuna michungwa tisa, mindimu mitatu, milimau miwili, na miembe ambayo sina hesabu yake, maana Tabora hakuna anayehesabu miembe. Ukingoni, hatua kama mia mbili kutoka kwenye michungwa, mjomba alikuwa ametundika mizinga minne. Mizinga yake hasa ilikuwa Sikonge, ndani huko kwenye miyombo. Hii minne aliiita ya uzeeni, ya mtu ambaye magoti hayamruhusu tena kulala porini wiki tatu akirina asali.

Ilikuwa Novemba. Mvua za kwanza zilishapiga na michungwa ilikuwa imejaa maua, lakini majani yake yalikuwa meusi kama sufuria la kuni. Ukipitisha kidole, masizi yanatoka na kidole kinanata. Kwenye matawi na kwenye maganda ya machungwa machache yaliyobaki kulikuwa na vidoadoa vyekundu vya kahawia, vimebana kama vimegandishwa kwa gundi. Vidugamba. Matawi mawili ya juu yalishakauka.

Tabora ukitaka dawa ya wadudu huendi mbali. Kila kaya inayolima tumbaku ina chupa iliyobaki msimu uliopita, nusu au robo, karatasi ya maelezo imeshabanduka. Jirani alinipa chupa moja na bomba la mgongoni juu yake. Sikuuliza dawa ile inaua nini wala inakaa siku ngapi kwenye jani. Mama aliniona natia bomba begani, akauliza, "Baba, hiyo si ya tumbaku?" Nikamjibu kwamba mdudu ni mdudu.

Nilipuliza saa tatu asubuhi, jua limetoka, nyuki wamo kwenye maua. Niseme nini tena. Mizinga miwili ilikufa kabisa, na miwili ilibaki na nyuki wa kuhesabu. Mjomba hakunigombeza, na hilo lilinikaa moyoni kuliko kama angenigombeza.

Kufikia Machi majani yakawa meusi kuliko mwanzo. Michungwa niliyoipuliza ilikuwa na vidugamba mpaka kwenye vikonyo vya matunda. Mti mmoja tu ulikuwa na nafuu: mlimau ulio nyuma ya jiko, ambao sikuufikia kwa sababu dawa iliniishia. Nikadhani ni moshi wa jikoni unaoukinga.

Jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta, kwenye meza ya fundi saa karibu na soko. Nilikuwa nasubiri saa yangu ibadilishwe betri, nikawa nasimulia habari ya michungwa kama mtu anavyosimulia ugonjwa wake kwa yeyote aliye karibu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, anasubiri mkanda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Umepindua gamba ukaona chini yake?"

Sikujua kwamba gamba hupinduliwa. Akaniambia nilete majani kesho yake, ya michungwa na ya ule mlimau, kila moja kwenye mfuko wake.

Kesho yake fundi alitupa kona ya meza yake. Mzee akaazima kile kioo ambacho mafundi saa hubana jichoni, akachukua na sindano. Akaanza na majani ya mchungwa. Gamba lilikuwa duara, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na kitone katikati. Akaingiza ncha ya sindano pembeni, akaliinua kama kifuniko cha sufuria. Chini yake kulikuwa na kitu cha njano, laini, hakina miguu wala mabawa, kimekaa tu. Mdudu huyu jike hutembea saa chache tu za mwanzo wa maisha yake, akiwa mtoto. Akishapata mahali huchoma mdomo wake ndani ya jani, hujijengea gamba juu, na hapo ndipo pake mpaka kufa. Kioo nikapewa mimi. Nikapindua ishirini kutoka kwenye majani ya mchungwa, na karibu wote walikuwa wazima, wamenona.

Tukaja kwenye majani ya mlimau. Gamba la tatu lilikuwa na tundu juu yake, dogo mno, la duara safi kana kwamba limetobolewa kwa sindano ya moto. Nikalipindua. Mdudu hakuwapo, ila ngozi kavu na punje nne tano za kahawia, ndogo kuliko unga wa ulezi.

"Huyo ameliwa," mzee akasema. "Aliyemla alizaliwa humo humo ndani, hizo punje ni choo chake. Kisha akatoboa paa akaondoka."

Kati ya magamba ishirini ya mlimau, manane yalikuwa na tundu au yalikuwa na mtoto wa yule mlaji bado ndani. Kwenye majani ya michungwa niliyoipuliza sikupata hata tundu moja.

Mzee akanifundisha kuwaona wakiwa hai. Nikatia vijiti vyenye magamba kwenye chupa ya jamu, nikafunga mdomo kwa kitambaa cha leso na mpira, nikaweka dirishani mahali pasipopigwa na jua. Siku ya tisa nikaona vumbi la njano kwenye kioo cha chupa. Vumbi likatembea.

Hao ni nyigu. Najua neno hilo likitajwa mtu hushika shavu, maana sote tumewahi kuumwa na wale wa darini. Hawa hawafiki hata milimita moja na nusu, na sindano yao haiwezi kupenya ngozi ya mtu. Kwa rangi na kwa namna wanavyokula, wangu walifanana na kundi ambalo wataalamu huliita Aphytis. Nikatia jani lenye vidugamba ndani ya chupa, nikabana kioo cha fundi jichoni, nikapoteza mchana mzima. Nyigu anapanda juu ya gamba, anatembea kutoka katikati hadi ukingoni, anageuka, anarudi, na muda wote vipembe vyake vinapiga gamba kama mtu anayebisha mlango wa bati kwa vidole viwili. Anapima. Akiridhika anageuka, anachoma sindano yake kupitia gamba, anampooza mdudu na kutaga yai juu ya mwili wake. Kiluwiluwi kikitoka kinamfyonza mwenyeji polepole hadi abaki ngozi.

Kipimo kile kina kazi. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, na mama ndiye anayeamua kulirutubisha au kuliacha. Akimkuta kidugamba mkubwa mwenye chakula cha kutosha, huweka jike. Akimkuta mdogo, huweka dume. Nilipomweleza mama habari hii alicheka mpaka akaweka ungo chini, akasema basi huyo nyigu amewashinda watu.

Sasa kosa langu likaonekana lilivyo. Kidugamba anajificha chini ya paa lake na dawa inampitia juu. Nyigu yeye anatembea juu ya jani siku nzima, mwili mdogo, hana pa kujificha. Nilichopuliza kiliua nyuki wa mjomba, kikaua na nyigu waliokuwa wakinifanyia kazi bila mimi kujua, na vidugamba vilivyosalia vikazaana pasipo wa kuwagusa. Na si mimi wa kwanza. California, baada ya vita vikuu vya pili, wakulima walipuliza dawa ya wadudu ya DDT kwenye machungwa yao wakaona vidugamba vikiongezeka. Mtaalamu mmoja wa huko, Paul DeBach, akafanya makusudi kile nilichofanya kwa ujinga: miti mingine akaipuliza DDT mara kwa mara, mingine akaiacha. Iliyopulizwa ikafunikwa na vidugamba. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kuwaonyesha watu kwamba nyigu wapo na wanafanya kazi.

Watu hao wa California walihangaika na kidugamba chekundu kwa miongo mingi, na namna walivyohangaika inafundisha. Mwaka 1947 na 1948 walileta aina moja ya Aphytis kutoka kusini mwa China, ikafaa sehemu za karibu na pwani. Mwaka 1956 na 1957 wakaleta nyingine kutoka India na Pakistan, Aphytis melinus, na katika miaka michache tu hiyo mpya ikamwondoa yule wa China karibu mashamba yote ya bara. Sababu ni kile kile kipimo. Nyigu wa China hutaka kidugamba kikubwa ndipo aweke jike, wakati melinus huridhika na kidogo zaidi. Kwa hiyo yeye anafika kwanza, na mwenzake akija anakuta wakubwa waliobaki ni wachache.

Leo nyigu hao hufugwa kwa biashara. Na wanafugwa juu ya nini? Juu ya maboga. Chumba kizima cha maboga yaliyowekwa kwenye rafu, kila boga limefunikwa na vidugamba, na nyigu wanazaliana hapo. Wakikomaa hulishwa asali, kisha husafirishwa kwenye vikombe kwenda mashambani. Asali! Nyigu mkubwa asiyepata kitu kitamu huishi siku mbili tatu, lakini akipata asali au majimaji ya maua huishi wiki kadhaa na kutaga zaidi. Habari hiyo nilimpelekea mjomba siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwa natafuta namna ya kuanza mazungumzo naye. Alisikiliza akaniuliza kama hao wa California wanatumia asali ya miombo. Nikasema sijawauliza. "Ndiyo maana wanakufa mapema," akasema.

Hapo ndipo tulipopatana, na ndipo aliponitatulia jambo ambalo mzee bwana shamba alinitajia lakini hakunipa dawa yake: chungu, hawa jamii ya sisimizi.

Hapa niwe mwangalifu, kwa sababu mwenyewe nilichanganya mambo. Masizi meusi hayakuletwa na vidugamba vyekundu. Hao wenye gamba gumu hawatoi utamu wowote. Wanaotoa ni wengine waliokuwa kwenye miti hiyo hiyo: vidugamba laini, vidung'ata wenye unga mweupe, na nzi weupe chini ya majani. Hawa wanafyonza maji ya mti mengi kuliko wanayohitaji, ziada wanaitoa nyuma ikiwa tamu, inadondokea majani ya chini na ukungu mweusi unaota juu yake. Chungu wanaufuata utamu huo. Wanapanda mti kwa mistari, wanawakamua wale wadudu na kuwalinda kama mfugaji anavyolinda ng'ombe. Nyigu akitua anafukuzwa. Na kwa kuwa chungu wamejaa matawi yote, hata yule nyigu anayemtafuta kidugamba chekundu, ambaye hana utamu wa kulindiwa, naye hapati nafasi ya kupima gamba lake kwa utulivu.

Nilimwonyesha mjomba mstari wa chungu kwenye shina. Akashangaa kwamba hilo ndilo linalonisumbua. Mizinga yake imetundikwa kwa waya, na kwenye kila waya amepaka oili chafu ya gari, kwa sababu siafu wakiingia mzingani usiku mmoja unatosha. Amefanya hivyo tangu ujana wake. "Mti nao si mzinga tu?" akasema.

Tulifunga michungwa yote. Kwanza kipande cha nailoni kuzunguka shina, kimebanwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli, kisha grisi juu ya nailoni. Usipake oili kwenye gome lenyewe, linaungua na mti unaumia. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza, maana chungu hawakati tamaa. Tawi likigusa chini, wanapanda hapo. Tawi likigusa ukuta wa jiko, wanapitia huko. Jani kavu likinasa kwenye grisi linakuwa daraja. Nilipogoa kila tawi lililoshuka chini ya kiuno, na kila Jumamosi nikawa nachungulia mikanda. Maji moto, wale chungu wanaoshona viota vya majani, tuliwaacha kwenye miembe yao. Wachina walikuwa wakiwaweka ndugu zao hao kwenye michungwa ili wale wadudu waharibifu, na maandishi yao ya karne ya 4 yanaeleza jinsi viota vilivyouzwa sokoni, kwa hiyo siwezi kusema chungu ni adui tu. Mimi kwenye michungwa siwataki.

Vumbi nalo. Mchungwa ulio karibu na barabara ndio uliokuwa na hali mbaya kuliko yote, na wa Tabora mnajua barabara zetu za udongo zinavyokuwa Agosti na Septemba. Jani likiwa na tabaka la vumbi, nyigu hutumia muda kujisafisha badala ya kutafuta, na wengi hufa. Nikawa naurushia mti huo maji ya ndoo mara moja kwa wiki. Pale vidugamba vilipokuwa vingi mno nilipuliza maji ya sabuni jioni, yanaua wale watoto wanaotembea na yakishakauka hayamdhuru nyigu anayekuja kesho.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiagize tu nyigu wa kwenye vikombe. Mama alinisaidia kulijibu hilo, ingawa hakukusudia. Siku niliyoanza habari za nyigu alisema, "Kama yule wa mihogo?" Nilikuwa nimemsahau. Mwaka 1973 kidung'ata wa mihogo, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alionekana Kongo, na katika miaka iliyofuata akala mashamba ya nchi nyingi za Afrika mpaka miaka ya themanini akafika kwetu. Mama anakumbuka vilele vya mihogo vikijikunja kama kabichi ndogo, na kisamvu hakipatikani. Watafiti wakaenda kumtafuta adui wake kwao, wakampata Paraguay mwaka 1981, nyigu mdogo mweusi. Wakampima kwanza karantini kuhakikisha hatashambulia kingine, wakamzalisha Ibadan, Nigeria, na akasambazwa nchi hadi nchi. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakulipa hata senti, na wengi hawajui mpaka leo kwamba mihogo yao inalindwa.

Hiyo ni kazi ya serikali na maabara, na ndivyo inavyotakiwa. Nyigu wa kigeni haletwi kwenye begi. Na hata akiletwa kwa utaratibu, mahali panaamua. Kisiwani Réunion walikuwa na mdudu anayevimbisha majani ya milimau kuwa vinundunundu na kueneza ule ugonjwa unaofanya machungwa yabaki madogo, ya kijani na machungu. Miaka ya sabini wakaleta nyigu kutoka Afrika Kusini, Tamarixia dryi, na mdudu yule akatoweka kisiwani. Lakini nyigu huyo huyo ni mwenyeji wa Afrika Kusini siku zote, na huko mdudu bado yupo. Bara nyigu ana nyigu wengine wadogo wanaomtagia yeye mayai. Kisiwani hao hawakufuatana naye.

Mimi nyigu ninaowahitaji walikuwa nyuma ya jiko. Mwezi Mei nilikata vijiti vya mlimau vyenye magamba ya matundu na yenye watoto wa nyigu bado ndani, nikavifunga kwa uzi kwenye michungwa, viwili viwili kila mti. Chini ya miti nikaacha giligilani ya mama itoe maua badala ya kufyeka kila kitu, nyigu wapate cha kunywa. Chupa ya jirani nilimrudishia.

Msimu huu machungwa yana vidugamba bado. Si safi ya kupigia picha, na mnunuzi wa sokoni aliyezoea ya Muheza alinipunguzia bei. Majani ya chini yamerudi kijani kwenye miti sita kati ya tisa. Ule wa barabarani bado unanipa taabu. Mjomba ameongeza mzinga mmoja, si miwili, anasema anasubiri aone Novemba nitashika nini mkononi.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi saa mfuko wa machungwa, maana kioo chake kilikaa kwangu miezi na hakuwahi kukidai. Akachukua chungwa moja, akaanza kulimenya, akasimama. Akalileta karibu na taa. Kisha akakibana kioo jichoni, akachukua kile kibano chake chembamba cha kushikia vyuma vya saa, akaanza kuinua gamba moja moja, na saa ya mteja ikabaki wazi mezani, mshale wa sekunde umesimama.

"Hili lina tundu," akasema.